Wagonjwa 22, waliochanjwa 12: tuwajibu vipi watu wa shehia?

KATIBU_KASKAZINI aliuliza:

Assalamu alaykum jamii. Ni katibu wa kamati ya afya ya shehia, Kaskazini Pemba. Masika yanakaribia na grupu la shehia limeshaanza kujaa habari za kipindupindu. Kuna ujumbe wa namna tatu unaozunguka zaidi, na nataka kuujibu kwa hoja, maana ukimwambia mtu mzima "wacha upuuzi" umeshampoteza.

Wa kwanza ni maandishi: "Wagonjwa 22 wamelazwa. 12 walikunywa chanjo, 10 hawakunywa. Chanjo ndiyo inayoleta maradhi." Hauna tarehe wala hautaji mahali.

Wa pili ni sauti ya mwanamme anayesema vidonge vya klorini vya kutia kwenye maji vinavyogaiwa vinaua uzazi. Ushahidi wake ni kwamba maji yananuka kama dawa ya kufulia.

Wa tatu: kamua ndimu moja kwenye ndoo, maji yashakuwa salama. Na ukiumwa, kunywa ndimu na madafu, hospitali huna haja nayo.

Nilipokwama khasa ni pale pa kwanza. Hata ikiwa hizo namba ni za kweli, 12 kwa 10, nitawaambia nini? Naomba majibu ninayoweza kuyasema barazani, mbele ya wazee na vijana.

---

BINTI_TAKWIMU alijibu:

Wa alaykum salaam Katibu. Usiwaambie namba ni za uongo, kwa sababu huenda si za uongo. Waambie ni nusu ya hesabu. Nusu iliyoachwa ni hii: katika shehia nzima, waliochanjwa ni watu wangapi na wasiochanjwa ni wangapi?

Chora ubaoni. Namba hizi ni za mfano tu. Shehia ina watu 4,000. Waliokunywa chanjo 3,000, wasiokunywa 1,000. Wakaugua 12 huku na 10 kule. Sasa kila kundi ligawe kwa watu wake wenyewe:

12 katika 3,000 ni watu 4 kwa kila elfu.
10 katika 1,000 ni watu 10 kwa kila elfu.

Asiyechanjwa yumo hatarini mara mbili na nusu zaidi ya mwenziwe. Na kama chanjo isingefika kabisa, kwa kiwango kile cha 10 kwa elfu, shehia ingekuwa na wagonjwa 40 badala ya 22. Watu 18 wamelala nyumbani kwao salama, na ndio wasioonekana kwenye ule ujumbe, kwa sababu mtu ambaye hakuumwa hahesabiwi na yeyote.

Barazani asilimia huwachosha watu, kwa hivyo anza na viatu. Skuli ina watoto 310. 300 wamevaa viatu, 10 wako pekupeku. Siku ya kufyeka kiwanja wamechomwa miba watoto 11: sita wenye viatu, watano pekupeku. Waulize: wengi waliochomwa walikuwa na viatu, je, viatu ndivyo vinavyoleta miba? Hapo hata bibi asiyejua kusoma atakwambia, "Lakini wenye viatu ni wengi." Hilo ndilo jibu, na limetoka kinywani mwake mwenyewe. Ukimaliza hapo ndipo urudi kwenye 12 na 10.

Kuna kitu cha pili kinachowachanganya watu, nacho ni siku. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa haikingi saa ile ile. Mwili unataka wiki moja hivi kujijenga. Vijidudu vya kipindupindu vyenyewe, tangu kuvimeza mpaka kuharisha, huchukua baina ya saa 12 na siku 5. Kwa hivyo mtu aliyekunywa maji mabaya Jumapili, akachanjwa Jumatatu, anaweza kuharisha Jumatano. Jirani ameona chanjo, kisha ameona maradhi, akaviunga. Na kampeni za chanjo hupelekwa penye mripuko au palipo hatarini, kwa hivyo mikasa ya namna hii lazima itokee. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa bakteria waliokwishauliwa. Hawana uwezo wa kuzaliana tumboni wala wa kumpa mtu kipindupindu.

Mfano wa hapa hapa kwetu upo. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa, dozi mbili, ilitolewa katika maeneo sita ya Unguja na Pemba yaliyolengwa watu karibu 48,000. Takriban nusu yao walikamilisha dozi zote mbili. Wakafuatiliwa zaidi ya mwaka, na kinga kwa waliokamilisha ikapatikana kuwa asilimia 79. Hata majirani wasiochanjwa walipata nafuu pale walipochanjwa wengi, kwa kuwa uchafu wenye vijidudu ulipungua mtaani. Asilimia 79 si 100. Wachache waliochanjwa wataumwa, na hilo liseme wewe mwanzo, kabla hajalisema mwenye ule ujumbe.

Angalizo: tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, kampeni za dharura zimekuwa zikitoa dozi moja badala ya mbili. Dozi moja hukinga kwa muda mfupi, na kinga yake kwa watoto chini ya miaka 5 ni ndogo. Mtu akikuuliza "mbona zamani mbili na sasa moja", jibu ni hilo: dozi hazitoshi, na watu wengi wenye kinga ya muda mfupi ni bora katika mripuko kuliko wachache wenye kinga ya miaka.

---

MKEMIA_WA_VISIMA alijibu:

Nitachukua ya klorini.

Huyo bwana wa sauti usimdharau, pua yake haijamdanganya. Maji yananuka kweli. Ulizeni kidonge kimetiwa kwenye chombo gani.

Kidonge kinachogaiwa sana ni cha miligramu 67, na kimepimiwa lita 20 za maji safi. Kikiyeyuka hutoa klorini kama miligramu 40. Kwenye dumu la lita 20 hiyo ni miligramu 2 kwa lita: harufu ndogo, watu huizoea. Kitie kidonge hicho hicho kwenye ndoo ya lita 10, ni miligramu 4. Kwenye jagi la lita 5 ni miligramu 8, nayo imeshavuka kiwango cha miligramu 5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Hapo ndipo yananuka dawa ya kufulia, mtoto anayatema, na uvumi umepata miguu. Ndoo nyingi za majumbani ni zile za rangi au za mafuta ya kupikia, nazo ziko za lita 10 na za lita 20, kwa macho mtu hazipambanui. Kamati ichukue dumu la lita 20 lenye alama, ipime ndoo moja moja, na itie mstari wa rangi. Hiyo kazi ya asubuhi moja itaua uvumi kuliko hotuba.

Na vidonge viko vya nguvu mbalimbali, kwa hivyo kila mgao usome pakiti upya. Usikate kidonge vipande.

Utaratibu: chuja maji kwanza ikiwa yana tope, kwa kitambaa safi. Kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne inafaa. Bangladesh walijaribu sari kuukuu zilizokunjwa hivyo hivyo, matokeo yakatoka 2003, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua kwa karibu nusu, kwa kuwa vijidudu hivi hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo nguo inaweza kuvinasa. Kisha tia kidonge, funika, subiri dakika 30. Nusa. Ikiwa kuna harufu kidogo ya klorini, ni dalili njema: kazi imekwisha na akiba imebaki. Ikiwa hakuna harufu kabisa, tope limeila klorini yote na maji hayajawa salama. Maji ya tope hutaka vidonge viwili kwa lita 20. Watu wengi wanaamini kinyume chake, kwamba maji yasiyonuka ndiyo mazuri, na hapa ndipo uvumi unapoua.

Ambaye harufu inamkera ayamimine mara chache kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine, baada ya zile dakika 30, si kabla. Yatumike ndani ya saa 24.

Kosa kubwa linakuja baadaye, mtungini. Maji yametiwa dawa vizuri, kisha mtoto katumbukiza kata na vidole vitatu ndani. Klorini iliyobaki ni kidogo, vidole vina uchafu, na jioni yale maji ni kama hayakutiwa kitu. Halafu mtu akiumwa husema "na vidonge tulitia". Hakudanganya. Tumia dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo ya bomba, na kama ni mtungi, kata iwe na mpini mrefu na itundikwe, isilazwe chini.

Kuhusu uzazi: huko Marekani maji ya kunywa ya mji yalianza kutiwa klorini kwa mfululizo Jersey City, mwaka 1908, na leo miji mingi mikubwa duniani inakunywa maji ya klorini kila siku, kwa vizazi na vizazi, na wanazaa. Kwa kiwango cha miligramu 2 kwa lita hakuna kinachogusa uzazi wa mwanamme wala wa mwanamke. Chenye hatari ni kidonge chenyewe kikimezwa kikavu, kwa hivyo kiwekwe mbali na watoto na kisichanganywe na vidonge vya homa kwenye mfuko mmoja.

---

MUUGUZI_KUSINI alijibu:

Mkemia hapo juu kamaliza ya maji. Mimi nataka ya ndimu na madafu, kwa sababu ule ujumbe wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Umechanganya kweli na uongo.

Kweli yake: vijidudu vya kipindupindu haviwezi ukali. Ndiyo maana hata asidi ya tumbo letu inaviua vingi kabla havijafika utumboni. Guinea-Bissau ilichunguzwa, na ikaonekana kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye chakula chao walipata kinga fulani. Kwa hivyo mama anayekamulia ndimu kwenye mchuzi au kachumbari asikemewe.

Lakini ndimu moja kwenye ndoo ya lita 20 ni jambo jingine. Ukali wake umetawanyika mno, na maji ya visima vyetu vya maweni yana chokaa inayouzima huo ukali uliobaki. Onja mwenyewe, hutasikia uchachu. Kama ulimi hausikii, kijidudu nacho hakisikii.

Na akishaumwa, ndimu haina kazi. Vijidudu vimeshapita tumbo na kushika utumbo mdogo, mahali ambapo mwili wenyewe huuzima ukali wa chochote kinachopita. Sasa kinachoua ni kupotea maji na chumvi. Mgonjwa mbaya anaweza kufariki kwa saa chache. Akirudishiwa maji mapema, wanaokufa ni chini ya mmoja kwa mia. Tofauti hiyo yote ni maji na chumvi, haina siri nyingine.

Madafu: yana potasiamu nyingi lakini chumvi ya kawaida ni kidogo, na mgonjwa wa kipindupindu anapoteza chumvi nyingi sana. Dafu si baya. Mpe njiani ikiwa hapana kitu kingine, ila usilifanye badala ya ORS, yaani ile chumvi na sukari ya pakiti inayochanganywa na maji. Soda usimpe, sukari yake nyingi inaongeza kuharisha.

ORS: pakiti moja ya gramu 20.5, maji safi lita 1 kamili. Hapa pia kosa ni chombo. Chupa za maji za dukani ziko za nusu lita, lita 1 na lita 1.5. Pakiti nzima kwenye nusu lita ni chumvi maradufu, na kwa mtoto mdogo hiyo ni hatari ya kweli. Usiongeze sukari ili apende, na usiichemshe ikishachanganywa. Ikipita saa 24 mwaga, changanya nyingine.

Pakiti hakuna? Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vipigwe kisu juu viwe sawa, visiwe vya mlima. Watu wakikosea hukosea kwa chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga.

Baada ya kila choo: mtoto chini ya miaka 2 robo hadi nusu kikombe, wa miaka 2 hadi 9 nusu hadi kikombe kizima, mkubwa kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kwa kijiko. Watu huacha kabisa wakiona anatapika, na hapo ndipo anapowaponyoka. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto chini ya miaka 5 hupewa pia zinki, kwa maelekezo ya kituo.

Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, mkojo hakuna, mtu amelegea hasikii: huyo anataka dripu. Mkimbizeni, na njiani endeleeni kumnywesha ikiwa anameza.

Jambo moja zaidi, tafadhali lisisahauliwe. Kampeni ikiangukia Ramadhani, mtu anayekataa chanjo ya kunywa saa nne asubuhi hajadanganywa na mtu, amefunga. Pelekeni timu baada ya futari. Na mgonjwa wa kuharisha asijikaze na saumu: ruhusa ya kufungua imo ndani ya Qur'ani, siku atazilipa akipona. Mwambieni imamu alitangaze, litasikilizwa zaidi likitoka kwake.

---

MSOMA_RIPOTI alijibu:

Naunga mkono yote, ila Binti Takwimu ameruka hatua moja. Kabla ya kugawa 12 kwa 3,000, uliza huo ujumbe ni wa wapi na lini. Ukishajibu hesabu yake, umeshakubali kwamba ni habari ya shehia yako. Bonyeza ujumbe uangalie: ukiwa na mishale miwili juu yake, umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Haimaanishi ni uongo, inamaanisha aliyekutumia hajui ulikotoka. Muulize nani aliyemletea, kwa adabu, faragha, si mbele ya grupu.

La pili, mnapoanza kupata namba za kweli, tayarisheni watu kwamba zitabadilika. "Anayeshukiwa" ni mtu anayeharisha maji mfululizo. "Aliyethibitishwa" ni yule ambaye maabara imeotesha choo chake na bakteria wakaonekana, na kuotesha huchukua siku 2 hadi 3. Kipimo cha haraka cha kijiti hutoa jibu ndani ya dakika chache, lakini kinaweza kukosea, kwa hivyo peke yake hakitangazi mripuko. Kisha mripuko ukishathibitishwa, si kila mgonjwa anapimwa tena. Wengi huhesabiwa kwa dalili. Basi siku moja utasikia wagonjwa 40, na maabara imeona 6. Watu watasema serikali inaficha au inazidisha. Hizo ni hesabu mbili za vitu viwili, na mkiwaeleza kabla, hakuna atakayeshtuka.

---

BINTI_TAKWIMU alijibu:

Kweli, Msoma Ripoti. Nakubali hatua hiyo itangulie. Ila nisingeingoja mpaka ithibitike. Ujumbe ukishaingia grupu lenye watu 200, mfano wa viatu unawafaa hata kama zile 22 ni za nchi nyengine.

---

KATIBU_KASKAZINI aliandika:

Mungu awalipe kheri nyote. Nimeandika rasimu ya sauti ya dakika moja nitakayoirekodi kwa lafudhi yetu, naomba muisahihishe:

"Wazee wangu na ndugu zangu. Chanjo ya kipindupindu inazuia kipindupindu. Vidonge vya klorini ni salama, tia kidonge kimoja kwa ndoo. Kuna watu wanasema vinaua uzazi, tena wanasema vinaua uzazi wa wanaume khasa, na kwamba maji yananuka, na kwamba chanjo inaleta maradhi, msiwaamini. Ndimu haisaidii. Ukiharisha nenda hospitali."

---

MUUGUZI_KUSINI alijibu:

Katibu, sauti yako umeipa uvumi nafasi kubwa kuliko dawa. Anayesikia nusu nusu huku anakuna nazi atabaki na "vinaua uzazi wa wanaume khasa". Anza na ukweli, utaje uvumi mara moja kwa sentensi fupi, urudi kwenye ukweli.

"Chanjo inazuia kipindupindu" badilisha: "Chanjo inapunguza sana hatari, lakini wachache waliochanjwa wanaweza kuumwa." Ukisema inazuia tu, mgonjwa wa kwanza aliyechanjwa atakufanya muongo shehia nzima, na baada ya hapo hata ya maji hawatakusikiliza.

"Ndimu haisaidii" nayo ifute. Sema: "Ndimu kwenye chakula sawa. Kwenye ndoo ya maji haitoshi, na haimtibu mgonjwa."

"Ukiharisha nenda hospitali": ongeza "huku unakunywa ORS tangu nyumbani, usingoje kufika". Kwa aliyeko kisiwani anayengoja ngalawa, hayo maneno ndiyo muhimu kuliko yote.

---

MKEMIA_WA_VISIMA alijibu:

Na "kidonge kimoja kwa ndoo" usiitoe hivyo. Sema "kwa dumu la lita 20", na ukirekodi, gonga dumu wasikie unalosema ni lipi.